Geuzeni Sahani

Sogeeni, wanangu, sauti yangu haifiki mbali leo. Gaynor, leta kiti chako cha magurudumu upande huu wa dirisha. Neville, kaa hapo miguuni, lakini mpishe baba yako kidogo, maana amekaa hapo tangu asubuhi na aproni yake imelowa udongo. Najua hamumwoni. Ni hii dawa ya maumivu, inanibeba kama mtoto mgongoni, na kila nikifumba macho kitanda kinaachana na sakafu polepole, kinaelea juu ya mji wetu, nami nayaona matanuri yote ya kauri yakitoa moshi kama zamani, hata yale yaliyobomolewa mkiwa hamjazaliwa. Msihuzunike. Ni pazuri kule juu, hapana hata baridi.

Sina mengi ya kuwaachia. Nyumba ni ya halmashauri na itarudi kwa halmashauri. Kiti cha baba yenu ni chako, Neville, na usikibadilishe kitambaa. Vile vyombo vya chai vya waridi nilivyovichora kwa mkono wangu kabla ya arusi ni vya Gaynor, wala asivifungie kabatini, avinywee chai. Hayo yamekwisha. Lakini liko jambo moja ambalo sitaki mlirithi, nami nimewaita ili niwanyang'anye kabla sijaondoka. Ni lile neno letu, "si haba".

Baba yenu alichanganya udongo kiwandani mpaka vumbi likamkaa kifuani. Aliposhindwa kupanda ngazi bila kuketi katikati, nilimsukuma aombe posho ya ulemavu, naye akaomba kwa shingo upande. Basi akaja mtathmini, kijana mwenye adabu zake, kompyuta mapajani. Wilf wangu alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa tai, kana kwamba anakwenda kuposa. "Hali yako vipi, Bwana Colclough?" "Si haba, bata wangu, na wewe?" akamwita bata kama kwetu tunavyomwita kila mtu kwa upendo. "Unatembea?" "Natembea-tembea." "Kupika je?" "Hatujafa njaa." Kisha akanyanyuka kumfungulia mgeni mlango, maana hakuzoea mgeni kujifungulia mwenyewe, na mlango ulipofungwa alidondoka kitini, midomo imekuwa rangi ya samawati. Jibu likaja kwamba anajimudu, hastahili kitu. Nikamwambia tukate rufaa. Akasema, "Acha, Enid, wapo wenye shida kuliko mimi." Alikufa kabla ya majira ya kuchipua, na hata siku ile daktari alipomuuliza, alimjibu vilevile.

Na mimi ni yule yule. Nilizaliwa mwaka ule huduma ya afya ya taifa ilipoanza, na mama yangu alijigamba mtaa mzima kwamba huyu mtoto hakudaiwa na mkunga. Nimeipenda huduma hii kama mtu anavyompenda ndugu yake. Safari hii waliponileta hapa hospitalini, wodi zilikuwa zimejaa, wakanilaza koridoni, tumepangwa kando ya ukuta kama sahani zinazongoja tanuri, wauguzi wakipita mbio mpaka unawaonea huruma. Mbele yangu alikuwapo mzee mmoja mwenye kofia ya sufu. Kila muuguzi akimsalimu alijibu, "Si haba, bata, nenda kawatazame wenye shida." Wakaenda. Nilisinzia, na nilipoamka kofia ilikuwa sakafuni na kitanda hakipo. Sijui walimpeleka wapi. Mara nyingine namwona akielea kando yangu, ananiuliza kama nimeiona kofia yake.

Mnakumbuka mlivyokuwa mkiona haya tukila mgahawani, hata tukiwa matembezini ufukweni Blackpool? Mimi na baba yenu, kabla hatujagusa chakula, tuligeuza sahani tuone muhuri wa chini, nani kaitengeneza. Mara moja Wilf aligeuza yenye mchuzi. Kwetu kila mtu hufanya hivyo, hata msibani. Usoni mwa sahani mna waridi, na nawaambia mimi niliyezichora maisha yangu yote, waridi nzuri huficha ufa vizuri sana. Ukitaka kujua umeshika nini, unageuza. Basi sisi tunaogeuza sahani za watu wengine, yetu wenyewe hatumgeuzii mtu.

Gaynor, Alhamisi anakuja mtathmini wako. Hizo sheria za posho, serikalini walisema wanazikaza, kisha wakasema hawazikazi, kisha wakasema watazitazama upya, mimi sizifuati tena. Ninachojua ni kwamba posho ile ndiyo inayokupa gari lenye njia ya kupandishia kiti, na bila gari hufiki kwenye maktaba yako ya shule, na bila wewe watoto wale hawana wa kuwaazima vitabu. Watu wanadhani posho ni ya kukalisha mtu nyumbani. Yako ndiyo inayokutoa. Na nakujua, mwanangu. Utapaka rangi ya mdomo, utampikia chapati za oti na jibini, na akikuuliza unaoga vipi utamwambia "polepole". Hutamwambia kwamba anayekutoa bafuni ni mama yako. Na mimi sitakuwapo. Hilo ndilo linalonizuia kwenda, si kitu kingine.

Neville, usitazame dirishani, zamu yako imefika. Krismasi ulisema mezani kwamba dada yako angeweza kujitahidi zaidi. Gaynor akasema si haba, akaomba viazi. Tangu siku ile mnasemeshana kupitia kwangu, mwambie Gaynor hivi, mwambie Neville vile, kama mimi ni simu. Mimi sikukasirika nawe. Wewe umeonyeshwa waridi tu, na wote tulikuonyesha, yeye, mimi, baba yako. Hujawahi kuiona asubuhi yake. Sikwambii umwombe radhi, hicho kipaji hukujaliwa. Nakwambia Jumatano ukalale kwake. Uamke naye, uone anavyotoka kitandani na muda unaomchukua, na umsaidie anachokwambia, si unachodhani wewe. Halafu Alhamisi ukae kando yake. Akisema si haba, kohoa. Akisema tena, mkanyage mguu. Wa kushoto hausikii, kwa hiyo mkanyage wa kulia. Chekeni, chekeni, ni muda mrefu sijawasikia mkicheka pamoja.

Nipeni maji. Kidogo tu. Asante.

Mnasikia viatu hivyo? Ni nesi Sherin. Mtoto wa watu, ametoka Kerala, mikono yake haina haraka hata siku za haraka. Kila akija huniuliza, "Unajisikiaje, Enid mpenzi?" nami humwambia si haba, naye huandika si haba, kisha huenda kwa wanaolia. Jana nilimwambia hivyo huku nimeuma shuka. Leo nyamazeni mnisikilize.

Ninaumwa, Sherin. Kuanzia hapa mpaka mgongoni. Tangu juzi. Na ninaogopa, sitaki kuwa peke yangu. Ndiyo, andika hivyo hivyo. Asante, bata wangu.

Mmeona? Hakununa. Amenishika mkono, anakwenda kuniitia daktari, na dari bado iko palepale. Miaka yote hii, na ni jambo rahisi namna ile.

Kitanda kinanyanyuka tena. Waridi zimeota kwenye shuka, wanangu, zote zangu, nazijua kwa jani lile la kushoto nililokuwa nikilikosea. Baba yenu amesimama. Anakwenda kunifungulia mlango, na tazameni, hahemi. Ningoje kidogo, Wilf.

Nawabariki nyote wawili. Mle, mlale, mpate joto wakati wa baridi, na asikose mmoja wenu mtu wa kumwambia panapouma. Mkinizika, chai inywewe kwenye vyombo vyangu, na wageni waachwe wageuze wapendavyo.

Haya, Gaynor. Nikuulize mimi kabla ya huyo wa Alhamisi. Hali yako vipi, bata wangu?

Hapana. Neville, kohoa.

Tena, mwanangu. Hali yako vipi?

Naam. Naam... hivyo hivyo. Endelea. Nakusikia.