Aliyekufa Si Mteja Aliyehama

Sogeeni, wanangu, Nazario upande huu wa kitanda na Obdulia upande ule, kwa kuwa najua tangu sikukuu ya marehemu ya mwaka jana hamketi benchi moja. Nisikilizeni kwa mpangilio nitakaoufuata, maana padre amekwisha kunipaka mafuta asubuhi hii, na pumzi iliyobaki haitoshi kusema jambo mara mbili.

Kwanza mali, kwa kuwa ndiyo nyepesi. Nyumba hii na tanuri lililojengwa na baba yenu Heladio kwa mawe ya mtoni ni vyenu nyote wawili, bila kugawanywa. Chachu ya bibi yenu, ambayo haijapata kufa tangu nizaliwe, iwe mikononi mwa Obdulia. Duka la mbele, simu ya duka na kompyuta viwe chini ya Nazario. Shamba la mahindi la kule juu msilitaje popote, lilikwenda na mlima.

Pili ugomvi wenu, nao nitausimulia hatua kwa hatua, ili baada yangu mmoja asije akausimulia kwa faida yake.

Nilisoma uchumi mjini Oaxaca kabla sijashika unga, kwa hiyo Nazario alipoleta zile zana za akili mnemba sikuziogopa. Ya kwanza iliandika ankara na kuagiza unga na sukari. Ya pili ilitabiri mikate ya kuoka kwa kutazama mauzo yaliyopita. Ya tatu iliwaandikia wateja kwenye simu kwa jina letu, bila mmoja wetu kusoma kwanza. Wewe Obdulia ulicheka ukasema, "Kaka, ya kukanda hujaileta? Hiyo ndiyo naisubiri mimi." Nawe Nazario ukamjibu, "Ya kukanda tunayo siku nyingi, inaitwa dada." Tukacheka sote watatu, na kicheko hicho sijakisikia tena humu ndani. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, lakini jembe lao halikuwa na ulimi wa kumsemesha jirani.

Mwezi wa tisa mwaka jana mvua ikauvunja mlima juu ya mtaa wa La Cañada, watu wakiwa mezani, na kengele ya kanisa ikalia mpaka kamba ikamchubua viganja Don Procopio, mpigaji wake. Crisóforo mwashi, aliyekuwa akichukua mkate kwetu kila asubuhi, akafukiwa pamoja na binti zake wawili. Mkewe Tecla akasalia kwa kuwa alikuwa sokoni.

Mnaijua desturi yetu: usiku wa sikukuu marehemu hurudi nyumbani kula. Nyumba yenye marehemu wa mwaka huo humwekea mezani mkate mkubwa wenye sura yake ya unga iliyopakwa rangi, na kila jirani, kila baba wa ubatizo, kila aliyewahi kuazima ngazi katika nyumba ile, hufika na mkate wake mkononi. Kwa hiyo kifo kimoja hutaka kapu zima. Bibi yenu hakuwahi kutazama mauzo ya sikukuu iliyopita. Alihesabu kengele za msiba.

Zana yetu haikusikia kengele. Iliona mtaa wa La Cañada umeacha kununua, ikahitimisha kwamba hamu ya mkate imepungua, ikatuagiza tuoke pungufu. Kwa zana, aliyekufa ni mteja aliyehama. Na ile ya tatu, ambayo kazi yake ni kuwarudisha waliohama, nayo ikafanya kazi yake. Nazario uliipitisha hesabu. Obdulia uliliona donge la unga ni dogo ukanyamaza kwa uchovu. Mimi nilikuwa kwa daktari nikisomewa habari za ini langu. Hapa hakuna mmoja wa kutupiwa jiwe peke yake.

Siku ya sikukuu, jua likiwa utosini, rafu zilikuwa tupu na foleni imefika kwa fundi viatu. "Mama Eufrosina, mashine yenu imekula mikate nini?" alinipigia kelele mmoja. Mwingine akadakia, "Iambieni basi ikande, si ina akili!" Ndipo Tecla akaingia, na foleni ikampisha bila kuombwa. Alishika simu ya mumewe, kioo kimepasuka.

"Nimekuja kuchukua wa Crisóforo."

"Dada Tecla, umekwisha, utusamehe," ulimwambia, Nazario.

"Haujaisha. Mmemwandikia mwenyewe."

Ukaipokea ile simu, ukausoma ujumbe kwa sauti kabla hujaweza kujizuia: "Crisóforo, hatujakuona siku nyingi! Rudi, mkate wako wa moto unakusubiri."

Tecla hakulia. Alisema, "Nimewawekea maji. Nimewasha mishumaa. Maua ya manjano nimeyamwaga toka barabarani mpaka mlangoni asije akapotea yeye na wanangu. Sasa wakifika, nyinyi mliowaita, niwape nini?"

Wewe Obdulia ukainua ufagio juu ya kompyuta, ukamwambia nduguyo mbele ya watu, "Umewauza wafu!" Naye akakujibu neno ambalo sitalitia katika wosia wangu. Meza ya Tecla ikakesha na sahani tatu tupu, na tangu hapo nusu ya mji huvuka barabara wanapofika mlangoni petu. Sikukuu imekaribia tena. Ikiharibika na hii, tanuri la baba yenu litapoa, na nyinyi hamtakuwa na kitu kingine cha kuwaweka pamoja.

Basi shikeni. Obdulia, usiivunje kompyuta. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini mhunzi hapigi koleo lake nyundo kwa hasira, na zana ya ankara imeyapumzisha macho yangu. Ibaki. Nazario, anza na kazi inayotulemea ndipo utafute zana yake, usilete zana ukaitafutia kazi. Na kabla ya kuipokea yoyote uliza: ikikosea, nani atalia? Tukilia sisi kwa unga uliopotea, ijaribiwe, kwanza kwa jambo dogo. Akilia mteja, lazima mtu mwenye macho asimame katikati. Wala asiingize zana mpya mmoja bila mwenzake kukubali.

Ile ya kuwaandikia watu iondoke leo. Ifute hapa, mbele yangu, mwanangu, nione... Vema.

Ya kutabiri ibaki, ila neno lake liwe la kwanza, lisiwe la mwisho. Ikishatoa hesabu, nendeni nyote wawili kwa Don Procopio, awatajie aliowapigia kengele, na kwa kila jina muongeze kapu. Kisha Obdulia akande mitatu ya Tecla, wa Crisóforo uwe na masharubu yake, na Nazario aipeleke kwa mikono yake. Akikufungia mlango, keti kizingitini. Usimwandikie. Keti.

Nipe maji, binti yangu... Yatosha.

Msinililie sana dukani, unga hautaki machozi. Mungu awape mikono mikunjufu, na ndimi fupi... Na awajalie wana watakaowagombania nyinyi, wasigombanie matofali. Hebu ketini benchi moja. Sogea, Nazario. Hivyo.

Mkitoka kwa Don Procopio, ongezeni kapu moja tena. Zana haitawaambia. Sura yangu msiipake mashavu mekundu... sikuwa nayo. Kengele mtaisikia wenyewe.

Nikija, wanangu... nisikute sahani tupu.