Mtaa Usio na Watoto

Mheshimiwa Diwani Keshavrao. Bwana Karani wa manispaa. Wazee wenzangu wa kiwanda cha pamba. Kina mama mliojazana kwenye roshani kwa kuwa viti tumevikalia sisi wanaume. Na wewe Yamunabai, mkunga wetu, ambaye kesho unahamishiwa mji mwingine: nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimechaguliwa mimi, Pandhari, niseme, ingawa shule niliiacha darasa la tatu, mwalimu alipoona hana jipya la kunifundisha. Nani asiyejua kwamba mwaka ule wa mafuriko nilimbeba Yamunabai mgongoni, maji yakinifika shingoni, nyoka akaniona akanipisha njia? Mnacheka! Muulizeni mwenyewe. Atasema maji yalikuwa ya magoti, lakini huyu dada ni mnyenyekevu mno.

Siku ile tulifika kwa jirani yangu, Bi Bhagirthi. Ndani kichanga kinalia.

Yamunabai akauliza: "Mama, mkweo amejifungua?"

"Nani? Huyo ni paka."

"Basi nipishe nimfunge kitovu huyo paka, maana mundu mliomkatia una kutu."

Akawahudumia mama na mtoto, wakapona. Alipouliza lini mtoto ataandikishwa, Bi Bhagirthi akamaka: "We binti wewe! Usiku wa sita bado, unataka kumtangaza?"

Ndivyo tulivyo. Mtoto hatajwi mpaka Mama Satvai, mungu wetu wa kike wa uzazi, aje usiku wa sita kumwandikia bahati yake kwenye paji la uso, jicho baya lisije likamwahi. Na akishaandika yeye, maandishi ya manispaa ya nini tena? Tunakula halua, tunanyamaza. Mke wa mwenzetu Tukaram alishikwa na homa ya uzazi siku ya nne. Mlango ulifungwa kuzuia jicho baya, kumbe aliyefungiwa nje ni Yamunabai. Mwanamke yule alikufa, na mtaa mzima tukainamisha vichwa.

Leo Bwana Karani ametusomea kwamba mwaka mzima mtaa huu umezaa watoto wanne. Wanne! Na hao vichanga wanaolia usiku kila nyumba wameletwa na mvua? Baraza limeona mkunga hapa hana kazi, likampeleka penye watoto. Nimlaumu karani? Amesoma alichopewa. Anayetoa taarifa ya uzazi ni mwanamume wa nyumba, na sisi wanaume, tunaojisifu hata kwa kununua jogoo, hapo ndipo midomo yetu iliposhonwa. Tumempoteza mkunga wetu kwa ukimya wetu wenyewe, mabwana, kila mlango na wake.

Mheshimiwa Diwani, uhamisho umeshatiwa sahihi, haurudi. Yamunabai, hatuna cha kukushika nacho, na inaniuma kusema hivyo mbele ya watu. Lakini wake zetu watazaa tena, na mkunga mwingine hatakuja kwenye mtaa usio na watoto. Kwa hiyo, Bwana Karani, shika kalamu. Juzi alfajiri, nyumbani kwangu, binti yangu Godavari alijifungua. Mke wangu, usinikodolee macho. Najua ni siku ya tatu tu, na jicho baya mimi pia naliogopa. Andika: mtoto wa kike, yu hai, mzuri kuliko wote waliowahi kuzaliwa katika wilaya hii.

Yamunabai, asante. Nanyi mlionivumilia, asanteni sana. Sasa nakaa, asimame baba mwingine.