Nusu ya Namba ya Siri

Benchi la kijiwe cha Isevya, mjini Tabora, ni taruma la reli lililolazwa juu ya mawe mawili, mbele ya baraza ambapo Sadiki hushona nguo. Lilivyotoka stesheni likafika pale hakuna anayesema, na mgeni akiuliza sana huonyeshwa pa kukaa, penye ufa unaofinya. Kila siku baada ya swala ya Alasiri, watu walewale hukaa mahali palepale, Ngollo hufika na birika lake la kahawa na sahani ya kashata, na dunia huanza kurekebishwa. Alhamisi hiyo Sadiki hakuwa na hamu ya kurekebisha dunia. Binti yake Najiat alikuwa anaolewa Jumamosi. Michango yote ya harusi ilikuwa mikononi mwa Majidi, na Majidi alikuwa anakuja kutoka msikitini akitembea kama mtu aliyebeba yai mdomoni.

Majidi aliuza asali, kwa hiyo walimwita Nyuki. Ndiye aliyekuwa mweka hazina wa kamati ya harusi. Alitua ndoo yake ya asali, akaiweka simu yake katikati ya benchi, taratibu, kisha akakaa mbali nayo.

— Msiiguse. Iko kwenye matengenezo.

— Matengenezo gani? aliuliza Sadiki.

— Mafundi wa mtandao wamenipigia. Laini yangu imeingia mdudu. Wananitolea wakiwa hukohuko makao makuu.

Uwesu aliinama akaitazama simu kama daktari anayetazama ulimi. Yeye ni fundi redio wa zamani, na tangu redio ziishe kazi yake imekuwa kueleza mitambo ambayo hajawahi kuiona. Walimwita Rada.

— Mdudu wa aina gani?

— Hakunitajia jina lake. Kasema tu anakula salio polepole, kuanzia chini.

Mguu wa Sadiki ulibaki hewani juu ya kanyagio la cherehani.

— Salio lipi, Majidi?

— Si ndilo hilihili la harusi!

— Wakataka nini ili wamtoe huyo mdudu?

— Namba ya siri.

— Ukawapa?

Majidi alitazama upande wa barabarani.

— Nusu.

Ngollo, aliyekuwa anamimina kahawa, aliacha kumimina.

— Nusu kivipi? aliuliza Sadiki.

— Namba yenyewe si tarakimu nne? Nimemtajia mbili, adhana ikaanza. Nikamwambia bwana mkubwa, adhana inalia, mimi siwezi kuendelea na mambo ya simu. Akasema haina shida mzee wangu, nenda kaswali, uniombee na mimi, nitakupigia ukitoka.

— Ukamwombea? aliuliza Raymundi.

Huyu Raymundi waliwahi kumwita shahidi katika kesi ya mbuzi huko Isikizya, na tangu siku hiyo hajapona. Jina lake kijiweni ni Wakili.

— Nilimwombea vizuri tu, alisema Majidi. Nilimtaja na jina.

— Mtu mzima wewe! Sadiki alisimama, uzi ukimning'inia shingoni. Mtu humjui, unampa namba ya siri ya pesa za watu?

— Nani kasema simjui? Ni Mzaramo. Mtani wangu!

Hapo moyo wa Sadiki ulishuka mpaka kwenye ndala. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zao walipokuwa wakikutana kwenye njia ya misafara, wa huku wakishuka pwani na mizigo kichwani na wa kule wakiwacheka miguu. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, akakufanyia mzaha hata msibani, akakuvua kofia akaondoka nayo, na ukikasirika mwenye kosa ni wewe. Sadiki aliyajua hayo kama kila aliyekaa kwenye taruma lile. Pesa ikichukuliwa na tapeli unaweza kulia. Ikichukuliwa na mtani, inabidi ucheke.

— Nilimwuliza kabila, si lazima umjue mtu? aliendelea Majidi. Akasema Mzaramo wa Kisarawe. Nikamwambia basi nipe shikamoo, mimi ni babu yako. Unajua alinijibu nini? Eti, nyie mlibeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka Tabora mpaka baharini, leo kutaja namba nne tu unahema? Nilicheka jamani! Nimecheka, nikashtukia nimeshataja mbili.

— Zipi hizo? aliuliza Wakili.

— Saba na moja.

— Majidi! Sadiki alishika kichwa. Sasa hata sisi tunazijua!

— Nyie si matapeli.

Rada alikunywa fundo la kahawa, akaweka kikombe chini kwa namna ya mtu anayeanza hotuba.

— Tulieni. Hili jambo lina hesabu yake. Kama katajiwa nusu ya namba, kinachofunguka ni nusu ya salio. Ni kama mlango wa mbao mbili. Ubao mmoja umefunguka, mwingine una komeo.

— Kwa hiyo kachukua nusu? aliuliza Sadiki.

— Hajachukua. Anaiona.

— Nusu ya juu au ya chini? aliuliza Ngollo, ambaye kwa kawaida huwa haulizi kitu.

— Mdudu anaanzia chini. Ya juu iko salama.

Sadiki aliwaza pilau lenye nusu ya juu tu. Aliwaza wageni watakaotoka Urambo, na wakwe ambao walishasema tangu mwanzo kwamba fundi cherehani hataweza shughuli. Najiat mwenyewe alikuwa ndani tangu juzi, anasingwa, hajui lolote. Sadiki alikaa tena kwenye kigoda chake, lakini hakushona.

— Kisheria, alisema Wakili, maongezi yaliyokatwa na adhana hayajafanyika. Huyo bwana akipiga, inabidi aanze upya kuanzia haloo. Na zile mbili arudishe.

— Atarudishaje namba aliyokwisha kuisikia? aliuliza Majidi.

— Ataapa kwamba ameisahau. Mbele ya mashahidi.

Sadiki aliona watamaliza birika kwa mtindo huu.

— Kwa nini usipige huduma kwa wateja, uwaeleze?

— Huduma kwa wateja ndio hao walionipigia!

— Basi badilisha hiyo namba ya siri sasa hivi, yaishe.

Majidi alikohoa. Kilikuwa kikohozi kirefu kwa mtu asiye na mafua.

— Kasema nikigusa tu menyu, laini inaungua.

— Kuungua inaungua, alisema Rada. Kuna jamaa kule Ng'ambo alibonyeza nyota wakati mafundi wako ndani, simu ikatoa moshi mpaka majirani wakaja na ndoo.

— Ndani ya wapi? Sadiki aliuliza. Si kasema wako makao makuu?

Rada alicheka cheko la kumhurumia.

— Makao makuu wapi, kaka! Hao watu wako Tura.

— Tura? Tura hii ya kwenye reli?

— Hiyohiyo. Nisikilizeni. Waya wa mtandao umelazwa kandokando ya reli. Reli nayo imelazwa kandokando ya njia ya misafara. Zamani mzigo ukitoka hapa kwenda pwani, kila mtemi njiani anaukamata, anadai hongo yake ya njia. Siku hizi kinachopita ni sauti zenu. Mtu yuko Tura na jembe, anachimba kama anatafuta viazi, anachomeka kijiwaya, sauti ya Majidi inapita, anaikamata. Hongo!

— Kama ni hongo ya mtemi, alisema Wakili, inabidi itolewe kwa nguo na shanga. Kuichukua kwa simu ni kinyume cha utaratibu.

— Basi Sadiki ana vitambaa, alisema Ngollo. Ampe kanzu.

— Sitoi hata kifungo! alisema Sadiki.

— Kinachotakiwa ni kuificha simu, aliendelea Rada, ambaye sasa alikuwa hazuiliki. Wimbi lisiione. Majidi, hiyo ndoo yako ina asali?

— Imejaa.

— Tumbukiza humo.

— Wewe!

— Asali ni nzito, wimbi haliwezi kupita. Umewahi kuona mtandao unashika porini kwenye mizinga?

— Haushiki, alikiri Majidi.

— Unaona! Mizinga ndiyo inauzuia.

Wakili alikataa. Alisema simu ni kielelezo, na kielelezo hakitiwi asali. Yeye alitaka ipandishwe treni ya Mpanda, ili huyo fundi akipiga aambiwe mteja hapatikani, na hatia iangukie shirika la reli. Majidi alisema asali mbichi ya Sikonge haiwezi kutiwa kitu kilichokaa mfukoni mwa suruali, hata kama suruali ni yake. Rada alianza kueleza kwamba basi wapande juu ya bati, kwa sababu mitambo inapiga simu kwa kuangalia chini. Hakufika mwisho, kwa kuwa simu iliita.

Wote walijivuta nyuma, mpaka aliyekaa mwisho wa taruma akabaki amechuchumaa hewani. Simu ilitetemeka juu ya benchi, ikajisogeza yenyewe kuelekea kwa Majidi.

— Ndiye, alisema Majidi, na mkono wake ukaanza kwenda. Nisipopokea atanicheka.

— Ukipokea utamtajia, alisema Sadiki.

— Mtani huyo, Sadiki! Nitauficha wapi uso?

Sadiki si mtu wa maneno. Katika mambo mengi ya kijiwe kazi yake ilikuwa kuitikia na kukata uzi kwa meno. Lakini mkono wake ulimwahi mwenzake. Aliinyakua simu, akabonyeza pa kupokelea, akabonyeza pa sauti kubwa, na akajisikia anasema:

— Haloo. Mwenye simu amefariki.

Majidi alifungua mdomo. Wakili akauziba kwa kiganja.

Upande wa pili ikaja sauti ya kijana, laini, yenye adabu ya dukani.

— Oo. Poleni sana mzee. Mungu aiweke roho yake mahali pema peponi.

Sadiki alimtazama Majidi. Majidi alikuwa ameacha kupigana na kiganja cha Wakili.

— Wewe ndiye Mzaramo? aliuliza Sadiki.

— Ndiyo mimi mzee, wa Kisarawe.

— Na sisi ni Wanyamwezi. Tumefiwa. Sasa unasemaje?

— Nasema poleni familia nzima. Sisi kama makao makuu tuko pamoja nanyi katika kipindi hiki kigumu. Ila mzee, samahani, kabla hajafariki hakuacha ametaja zile namba mbili?

Majidi aliuondoa mkono wa Wakili mdomoni mwake kama mtu anayeondoa nzi. Uso ulikuwa umembadilika. Sadiki alikuwa hajamwona hivyo tangu siku aliyoibiwa mizinga.

— Huyu si mtani! Lete hiyo simu! We kijana, Mnyamwezi anakufa, Mzaramo anasema pole? Pole? Hulali kwenye jeneza tushindwe kulibeba? Hudai shuka la maiti? Hunitukani hata kidogo? Kabila lako lipi, mwanaharamu wewe?

— Samahani, sauti ilisema taratibu, kwani wewe si ndiye uliyefariki?

— Nimefariki, ndiyo! Taja kabila!

Simu ikakatika.

Kijiwe kililipuka. Rada alipiga taruma kwa viganja vyote viwili, Wakili alitangaza kwamba mshtakiwa amekimbia mahakama, na Ngollo akagawa kashata bila kudai kitu, jambo ambalo halijawahi kutokea. Majidi peke yake ndiye aliyeona uchungu.

— Nimemwombea, alikuwa akisema. Nimemwombea riziki, na afya, na mke mwema. Sasa dua ile nitaifuatia wapi?

— Ishafika Tura, alisema Rada.

Sadiki alicheka mpaka machozi yakamtoka, akayafuta kwa kipande cha kitambaa cha suti ya bwana harusi. Pilau lilirudi kichwani mwake likiwa zima, na nyama juu. Alipoinua uso, mke wake Mwanamkuu alikuwa amesimama mbele ya baraza na kapu mkononi. Alikuwa ndiye mkubwa wa mapishi ya harusi, na alikuwa anatoka dukani kwa Rajnikant.

— Asalamu aleikum. Mnacheka nini? Huku mpaka dukani mnasikika.

Walimwambia. Walimwambia wote kwa pamoja, kila mmoja akijipa sehemu kubwa zaidi kuliko aliyokuwa nayo. Rada alieleza waya. Wakili alieleza sheria. Majidi alieleza kifo chake. Mwanamkuu alisikiliza mpaka mwisho, kapu likiwa jepesi mkononi mwake, na hakucheka.

— Alhamdulilahi, alisema. Ila shemeji Majidi, mimi niulize kitu kimoja tu.

— Uliza shemeji.

— Hizo pesa za harusi leo zilikuwa kwenye simu yako zinafanya nini? Jumatatu si ulituambia sisi wapishi umeshampelekea Rajnikant zote, za mchele na za mafuta? Yeye kasema hajaona hata shilingi.

Rada, aliyejua sauti ya mtu inapita wapi chini ya ardhi kutoka hapa mpaka pwani, alianza kutafuta ndala yake. Wakili aligundua kwamba kikombe chake kina maandishi kwa chini. Ngollo alitikisa birika, likatoa mlio wa bati tupu.

Majidi alikohoa kile kikohozi chake kirefu.

Sadiki aliokota simu pale kwenye benchi. Aliifuta vumbi kwa upindo wa shati, pande zote mbili, bila haraka, akaiweka kwenye kiganja cha rafiki yake.

— Haya, Nyuki, alisema. Mtumie Rajnikant sasa hivi, mama Najiat akiona. Saba na moja tunazo. Malizia zile mbili.