Adrien Kapya na Tai wa Lufira

Bamama na bababa, ndugu wote mliofika, mimi ni Chola, mdogo wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake.

Adrien Kapya alizaliwa Kasenga tarehe 12 Mei 1909, mtoto wa pili wa baba Bwalya na mama Ngosa, akasoma miaka sita kwa mapadri, na mwaka 1926 akafika hapa Élisabethville, akaajiriwa na Mzungu mmoja mpiga picha, akaosha picha katika chumba cha giza hadi siku alipokabidhiwa kamera. Tarehe 16 Juni 1934 alimwoa Simone Mwansa, wakajaliwa watoto wanne, Albertine akiwa wa kwanza.

Mwezi wa Septemba 1948 alitumwa mto Lufira pamoja na wageni waliotaka picha ya tai mla samaki, wageni wakachoka siku ya pili wakarudi kambini, yeye akapanda mti ulioelekeana na kiota, akangoja tangu alfajiri mpaka jua la utosi, tai akatua karibu naye kiasi cha mkono, Kapya akapiga picha moja tu, na papo hapo ndege akamrarua uso kwa kucha.

Siku kumi na tisa alilala hospitali, macho yote mawili yamefungwa, nasi tukijiuliza mpiga picha kipofu atalisha watoto wanne kwa kazi gani. Daktari alipofungua bandeji, mama Simone aliinama akamuuliza, "Baba Albertine, uko unaniona?" Akapepesa macho, tukaogopa, kisha akasema, "Niko nakuona. Lakini kitambala yako ya kichwa umeifunga mubaya." Tulicheka mpaka muuguzi akatufukuza.

Picha ile, ambamo hata mishipa ya jicho la tai inaonekana, iliwekwa kwenye dirisha la studio ya yule Mzungu, akadai jina lake liandikwe chini, likaandikwa, na watu wa mtaa wa Kenya hapa mjini wakaenda kwa miguu kuitazama. Baada ya hapo alipiga picha za arusi zenu na ubatizo wa watoto wenu, miaka minane mizima.

Mwezi wa Novemba 1956 alishikwa na kifua, hakuweza tena kulala chali, akawa anakesha kwenye kiti akitafuta pumzi, hadi tarehe 3 Agosti 1957, saa moja ya asubuhi, alipozimika taratibu mikononi mwa mke wake. Tunalia, lakini hatufichi kwamba mioyo yetu imetulia, maana hateseki tena.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea maji na makala ya kuwashia moto, na wenzake wa studio waliofunga kazi leo ili wambebe.

Yaya Kapya, kaka yangu, sasa unaweza kulala chali, pumzika kwa utulivu.