Donat Mwenze na Kadre ya André Chanda

Wasikilizaji wapendwa, ninyi mliokaa majumbani na ninyi mliosimama chini ya vipaza sauti vya cité, mitaani mwetu, habari za jioni. Sogeeni karibu. Leo tunamkumbuka Donat Mwenze, fundi wa kinga wa commune ya Kenya, hapa hapa mjini Élisabethville. Wengine mnasema velo, wengine baiskeli. Sisi huku tunasema kinga. Donat Mwenze alifariki Jumanne iliyopita kwa ugonjwa wa kifua. Alikuwa na miaka hamsini na minne. Tulimzika Alhamisi.

Donat alizaliwa Kongolo, huko kaskazini. Baba yake alishuka na kazi ya reli, naye Donat akakulia katika karakana ya reli hapa Élisabethville. Alijifunza kunyoosha chuma, kulehemu chuma, na kusikiliza chuma. Ndiyo, kusikiliza. Aligonga bomba kwa ukucha, akatega sikio, kisha akakuonyesha kwa kidole mahali lilipokuwa limeoza. Mwaka 1946 aliacha reli, akafungua karakana yake mwenyewe karibu na soko.

Tusiseme alikuwa malaika. Donat alikuwa mzito wa kazi. Akikuambia rudi Jumatano, hakukutajia Jumatano ya wiki gani. Mkewe, Mama Wivine, alicheka kidogo aliponieleza hayo, huku machozi yakimtoka. Alisema: «Bantu balikuwa banakuja kukasirika, banarudia banacheka. Juu kinga yao ilikuwa inatoka muzuri kupita siku balinunua.»

Lakini kazi ninayotaka kuwaeleza leo ni moja tu. Ilianza mwaka 1953.

Asubuhi moja aliingia karakanani mjane kutoka Naviundu, Mama Ngalula. Begani alibeba kadre, yaani kiunzi kitupu cha kinga: mabomba yake na uma wa mbele, bila magurudumu, bila kiti. Kwa miaka ishirini na miwili kadre ile iliziba tundu la banda la kuku. Ilijaa kutu na matope.

Mama Ngalula akasema: «Baba Donat, hii kadre ilikuwa ya bwana yangu, André Chanda. Balimufunga juu yake. Balisema aliiba. Yeye alikatala mpaka akakufa. Weye unajua vyuma. Unisemee ukweli.»

Sikilizeni vizuri, wapendwa, mambo yalikuwa hivi. Mwaka 1931 André Chanda alikuwa mpakizi katika duka la mfanyabiashara mmoja mjini. Kinga mpya ikapotea dukani. Mwezi uleule André akaonekana juu ya kinga iliyopakwa rangi nyeusi. Alijieleza: alipewa na Mzungu aliyekuwa anarudi Ulaya, ilikuwa imepasuka, akaipeleka kwa fundi ilehemiwe. Lakini yule Mzungu alikwisha kupanda meli, na karatasi haikuwepo. André akafungwa miezi sita. Mwenye duka akapewa kinga, akang'oa magurudumu na kiti, kadre akaitupa nyuma ya duka. Ni Mama Ngalula aliyeiokota.

André alifariki mwaka 1938. Mwana wake, Alexis, alikua akiitwa mtoto wa mwizi. Alipofika umri wa kazi aliliacha jina la Chanda, akajiandikisha kwa jina la mjomba: Alexis Ngosa. Na sasa, mwaka 1953, Alexis alitaka kuoa. Familia ya msichana ikasikia ile habari ya zamani. Ikasema: ngojeni kwanza.

Donat akaweka kadre mezani. Hakutumia msasa haraka. Alikwangua rangi polepole kwa kisu, tabaka moja moja. Juu nyeusi. Chini yake kijani. Chini kabisa bluu, bluu kama vazi la Bikira Maria. Akainyanyua kwa vidole viwili, ikanyanyuka. Wepesi ule haukuwa wa kinga ya kubebea magunia. Kule nyuma, mahali gurudumu linapokaa, aliona mifereji mirefu. Gurudumu liliweza kutolewa na kugeuzwa: upande huu meno machache kwa tambarare, upande ule meno mengi kwa mlima. Donat akajua. Hii ni kinga ya mashindano ya barabarani, na ni ya zamani.

Halafu akaipindua, atafute namba ya kiwanda chini, pale pedali zinapozungukia. Namba haikuwepo. Chuma kilikuwa laini. Mtu alikuwa amepitisha tupa ya kusagia chuma.

Wasikilizaji wapendwa, mnajua maana yake. Nani anafuta namba? Mama Wivine anasema mume wake alirudi nyumbani siku ile, hakugusa ugali. Angeweza kunyamaza. Kesho yake akatembea mpaka Naviundu.

«Mama,» akasema, «niliona kitu hakiko kizuri. Namba balifuta.»

Mama Ngalula alikuwa anatwanga. Akaweka mchi chini. «Weye unasema aliiba?»

«Sisemi. Ninakuambia kile nimeona. Unataka niache?»

Mjane akajifuta mikono. Kisha akajibu: «Endelea. Kama aliiba, nijue. Nisikufe na mashaka.»

Donat akaendelea. Aliosha pale palipopigwa tupa, akapaangalia kwa kioo cha kukuzia vitu. Na pale, ndani ya chuma, akaona mstari mwembamba wa manjano. Shaba ya kulehemia. Kadre ilikuwa imepasuka mahali pale pale penye namba. Fundi aliyeilehemu alisawazisha shaba kwa tupa, na namba ikaondoka pamoja nayo. Ufa ulikuwepo. Ufa ambao André Chanda aliutaja mbele ya hakimu.

Lakini Donat alitaka namba. Akachomoa uma wa mbele. Mafundi wa zamani walipiga namba pia kwenye shina la uma, lile linaloingia ndani ya kadre, mahali pasipofika tupa wala rangi. Akafuta grisi iliyokauka. Namba ilikuwepo: 21764.

Kiwanda gani? Viungo vya mabomba yake vilikatwa mfano wa jani la muhogo. Bruda mmoja wa misheni alikuwa na magazeti ya zamani ya michezo kutoka Ufaransa. Walikaa Jumapili nne wakifungua kurasa, mpaka wakaliona lile jani katika tangazo la kiwanda kimoja cha Saint-Étienne. Donat akaandika barua. Kimya. Akaandika tena. Kimya. Akaandika mara ya tatu. Mama Wivine anasema: «Alikuwa analala na ile namba, anaamuka nayo. Nilimuambia, baba, hata mie haunifikirie vile!»

Jibu lilifika Agosti 1954. Kadre namba 21764, ya mashindano, rangi ya bluu. Ilitengenezwa mwaka 1923.

Elfu moja mia tisa ishirini na tatu, wapendwa! Na karatasi ya hukumu, ambayo Mama Ngalula aliitunza, ilisema kinga iliyoibwa ilikuwa mpya, ilinunuliwa 1930. Zinaachana miaka saba.

Donat alikwisha kuitengeneza kinga nzima: magurudumu, kiti, na bluu yake ileile. Akaisukuma, akitembea kwa miguu, mpaka Naviundu. Watu njiani wakamuuliza kwa nini hapandi. Akawajibu: «Haiko yangu.»

Alexis alisoma barua kwa sauti. Akasoma na hukumu. Akarudia miaka ile miwili. Kisha akakaa chini, mtu mzima, akafunika uso.

«Mama, baba alikuwa anasema kweli. Na mie nilikatala jina yake.»

Mama Ngalula akamshika kichwa. «Jina iko. Hakuna muntu aliibeba. Ikamate.»

Barua ilipelekwa pia ofisini, ili hukumu ifutwe. Ofisi haijajibu mpaka leo. Lakini familia ya msichana ilijibu. Mwezi wa kumi, Jumapili tatu mfululizo, padri alisoma tangazo la ndoa mbele ya waumini wote: Alexis Chanda, mwana wa marehemu André Chanda. Donat alikuwa amesimama karibu na mlango. Mama Wivine anasema ni mara ya pekee aliyomwona analia.

Wasikilizaji wapendwa, Donat Mwenze hakuwahi kumjua André Chanda. Hakuwahi kumwona hata siku moja. Alifanya kazi mwaka mzima kwa ajili ya marehemu ambaye mji mzima ulikwisha kumhukumu. Jioni hii, kila mmoja wetu ajiulize: katika avenue yangu, katika mtaa wangu, ni nani tunamwita jina baya kwa sababu tu tulikuta wengine wanamwita hivyo? Nani kati yetu alikwenda kuangalia?

Kwa Mama Wivine, kwa watoto, kwa ndugu wote wa Kongolo na wenzake wa reli, tunawapa pole kwa moyo wote. Mungu ampokee fundi wetu.

Mama Wivine ameniomba niwaambie neno moja zaidi. Kinga kumi na moja zimebaki karakanani. Kila moja imefungwa karatasi yenye jina la mwenyewe, kwa mwandiko wa Donat. Mlango utakuwa wazi Jumamosi asubuhi. Alexis Chanda atakuwa pale, atawakabidhi.