Kiti cha Maman Bibiane

Muheshimiwa mujumbe wa mukuu wa jimbo, Muheshimiwa inspecteur, Padri wetu, Shehe wetu, Ndugu wageni waalikwa, papa na maman wazazi, walimu, na ninyi watoto wetu, ambao watu wa protokoli wameniambia niwataje mwisho: nawasalimu wote, kila mutu kwa cheo chake.

Mimi ni Ezéchiel Bisimwa, mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Kazi yangu ni kuendesha lori la viazi na kabichi kutoka Miti na Mudaka mpaka huku mujini. Nimepewa neno la shukrani, kwa sababu neno la shukrani hupewa mutu ambaye hakuna anayengojea aseme kitu. Nilikuwa nimeandaa maneno matamu, na mke wangu ameyanyoosha vizuri. Yatabaki mufukoni. Nina hasira, na ningewadanganya kama ningeificha.

Tumekuja kumuaga Maman Bibiane, directrice, mukuu wa shule yetu. Hajazeeka na hajaomba kupumzika, amepumzishwa. Sababu, ninyi wakubwa mumetuambia wenyewe: ni mupole mno, shule yake inaanza masomo nyuma ya shule zote za mutaa huu. Ni kweli, hatukatai. Kila asubuhi anasimama mulangoni na kumupa kila mutoto mukono. Anaushika, anamutazama usoni, anamuuliza ameamkaje, na anangoja ajibiwe. Kengele imekwisha kulia, kwenye shule za jirani wameanza kuimba hesabu, na yeye bado anashika mikono. Ninyi mukaita jambo hilo kupoteza wakati.

Je, munajua wakati huo ulinunua nini? Mutoto Fikiri alikuwa akifika shuleni na kucha nyeusi. Mwalimu mumoja alimurudisha akaoge, mwingine akamuchapa. Maman Bibiane alishika mukono ule, akaugeuza, akaona ni makala, makaa ya kupikia. Hakumugombeza. Alimuuliza nani anabeba makala nyumbani. Mutoto akasema: "Ni miye. Mama hawezi simama." Siku ile ile directrice alishuka bondeni kwa miguu yake, kwenye zile nyumba za mbao zilizoegemeana, akamukuta mama ya Fikiri, Maman Gisèle, amelala, homa imemumaliza, na majirani pande zote mbili hawana habari. Tulimubeba kwa blanketi mpaka barabarani, nikamupakia juu ya viazi, tukamufikisha hospitali. Maman Gisèle, simama kidogo wageni wakuone. Asante, keti. Huyo ndiye wakati uliopotea.

Sasa tuje kwa leo. Muheshimiwa inspecteur, umetuhutubia kuhusu semineri yenu katika hoteli ya kando ya ziwa, mulikofundishwa kile munachokiita pleine conscience, yaani kiongozi aishi ndani ya dakika aliyomo, akili yake isitangetange. Sina ugomvi na maneno hayo. Katika muji huu, ambamo kila mutu ana sababu ya kuwa na akili mbali, ni maneno tunayoyahitaji kama chumvi. Ukatuomba tufumbe macho, tuweke mukono juu ya tumbo, tusikilize pumzi zetu. Watu wakafumba. Huku mbele kwenye viti vya kitambaa mulifumba vizuri kupita sisi wote.

Ndipo mutoto akaanguka.

Anaitwa Malaika, wa mwaka wa kwanza, musitari wa pili, hapa hapa mbele ya jukwaa. Alikuwa amesimama na wenzake kwa jua tangu asubuhi, bendera ndogo mukononi, akingoja magari yenu ambayo yalichelewa, ili awaimbie wimbo. Hakunywa uji, kwa sababu sufuria za uji ziliondolewa uwanjani zisiharibu sura ya sherehe. Hakulia. Mutoto mwenye njaa hana nguvu ya kulia. Alikunja magoti tu, akalala juu ya bendera yake.

Mimi sikuwa nimefumba macho. Dereva hana mazoea hayo. Nilimuona Maman Bibiane, na yeye macho wazi, akisimama kutoka kiti chake cha heshima, akiruka waya wa mikro, akimubeba mutoto. Nilitaka kumufuata. Akaniambia: "Hapana, papa Ezéchiel. Bakia na bale bengine, ubape maji." Akatoka kwa mulango wa pembeni kuelekea poste de santé, kile kituo cha afya. Walimu nami tukaenda nyuma kutafuta ndoo na vikombe. Mulipofumbua macho, kila mutu alipumua kwa raha, na inspecteur akapigiwa makofi.

Kiti kikabaki kitupu, na kamera ya televisheni ilikuwa inakuja upande huo. Kijana wa protokoli, mwenye beji nzuri kifuani, akaogopa aibu. Akamushika mukono mama wa karibu aliyevaa pagne, kile kitenge chetu cha sherehe, maana tumeshona sare sote, akamuketisha pale. Huyo ni Maman Françoise, anayeuza mandazi kwenye lango letu. Yeye alidhani anapewa kivuli.

Muheshimiwa mujumbe, nakuheshimu, na kwa sababu nakuheshimu sitakuficha. Ulishuka jukwaani, ukamushika Maman Françoise mukono, ukasifu kujitoa kwake kwa elimu ya taifa, ukamukabidhi diplome ya heshima ndani ya kioo. Alijaribu kukuambia. Sote tulisikia, maana mikro ilikuwa wazi: "Muheshimiwa, miye siko directrice. Miye nauzishaka mandazi." Na wewe ukamujibu kwamba unyenyekevu wake ni somo kwetu sisi wote. Akasema tena. Ukamupigia makofi.

Musicheke, wazazi. Ninyi ndio munaonitia uchungu kuliko wote. Mujumbe ni mugeni, hajawahi kumuona. Lakini ninyi munamujua. Amewashika watoto wenu mikono, amekuja kwenye misiba yenu. Nilikuwa kule nyuma na ndoo mukononi nikawaona mumeinua simu zenu juu, munapiga picha mugongo wa mama ambaye si yeye, na munapiga vigelegele. Wazee walisema macho hayana pazia. Leo simu imekuwa pazia, kofia ya mukubwa imekuwa pazia, hata ile pumzi yetu ya semineri imekuwa pazia. Na hili si jambo la sherehe tu. Ndivyo tunavyokula bila kujua tumekula nini, tunavyosalimiana huku tunatazama nyuma ya mutu. Ndivyo mutu anavyougua nyuma ya ubao wa ukuta wetu mpaka directrice wa shule aje kutuonyesha.

Maman Bibiane hakuenda semineri. Ana neno moja analowaambia watoto wanaposukumana mulangoni: "Akili yako ikuwe pale miguu yako iko." Basi. Mimi nalirudia kila siku kwenye zile kona za kushuka na muzigo, na ndiyo sababu ningali hai na viazi vyenu vinafika.

Muheshimiwa mujumbe, sikuombi uniombe radhi. Naomba uamuzi ule urudishwe. Munataka directrice wa haraka? Haraka haraka haina baraka, na leo haraka imemupa muuza mandazi diplome na kumuacha mutoto chini. Wazazi, nawauliza mbele yake, na leo mujibu na akili iko hapa: nani hataingiza mutoto wake darasani kesho kama Maman Bibiane hayuko mulangoni? Nyosheni mikono. Juu zaidi. Muheshimiwa, tafadhali usiihesabu mikono hiyo. Hesabu mumezoea. Shuka uishike, mumoja mumoja, uone ina nini.

Lakini naona watu wa langoni wanafungua njia. Ni yeye. Malaika yuko mugongoni, amefungwa na ile pagne ya sherehe, macho wazi, anatafuna kitu. Mungu asifiwe. Maman Françoise, kaa hapo hapo, usiogope, hujamuibia mutu kiti. Na wewe kijana wa protokoli, usimukimbilie na mikro. Haji huku jukwaani. Ameanzia kwenye musitari wa kwanza wa watoto, anawashika mikono, anatafuta nani mwingine yuko karibu kuanguka.

Mimi mumenisikiliza, na nawashukuru. Sasa tunyamaze, tumungojee amalize.