Kathini Mbaluka Anaiaga Meza ya Vioo

Ijumaa ya tarehe 28 Agosti 2026, Bi. Kathini Mbaluka atavua aproni yake katika tawi letu la Kitui na kustaafu, baada ya kuitumikia Kyeni kwa miaka thelathini na mmoja. Aliikuta ikiwa studio ya picha yenye chumba kimoja na pazia la kijani. Anaiacha ikiwa kampuni ya kuuza na kutengeneza simu, yenye matawi Kitui mjini, Wote na Kibwezi.

Mkurugenzi wetu, Bwana Nzomo, alinipa mimi kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu meza yangu imekuwa kando ya meza ya Kathini kwa muda mrefu. "Wewe ndiye unamjua," alisema. Ni kweli, namjua. Ni kweli pia kwamba nimemwonea wivu karibu muda wote huo. Kila mtu hapa kazini anajua, Kathini akiwa wa kwanza, kwa hiyo sioni sababu ya kujifanya malaika kwa sababu tu naandikia jarida.

Kathini ni mzaliwa wa Kalamba, kule Makueni. Alipoajiriwa, kazi yake ilikuwa kusafisha picha ndani ya chumba cha giza: picha za vitambulisho, za harusi, za wanakwaya waliosimama wima kama nguzo za stima. Nyingi hazikuwa na rangi. Huko ndiko alikojifunza kwamba suti nyeusi ya bwana harusi lazima ionekane nyeusi, na bado mikunjo ya mikono ionekane, la sivyo bwana harusi atarudi na picha yake na hasira zake. Picha za karatasi zilipokosa soko na studio ikageuka duka la simu, wenzake waliondoka. Yeye alibaki na kusema kwamba picha ni picha, iwe kwenye karatasi au kwenye kioo.

Vioo vya simu hutufikia kwa maboksi. Vingine ni vizuri, vingine ni vya kuaibisha. Kabla fundi hajabandika kioo kwenye simu ya mteja, lazima mtu akiwashe na kusema kama kipite au kirudi kilikotoka. Mtu huyo alikuwa Kathini. Sisi wengine tukipewa kioo tunaangalia kinavyong'aa. Yeye aliangalia weusi wake. Alituambia kwamba kung'aa ni kama sauti kubwa kanisani, hakumaanishi kwamba mtu anajua kuimba.

Alijifunika leso kichwani pamoja na simu, kama wapiga picha wa zamani, akakaa humo kimya. Wateja wapya walidhani anaomba. Ndani ya leso alifungua kwanza ukurasa mweusi mtupu. Kuna vioo vyenye taa nyuma, na taa hiyo ikivuja, nyeusi inageuka majivu. Kisha alifungua picha ya mbuzi wake mweusi akiwa zizini jioni. Hapo ndipo alipovikamata vile vioo vingine, ambavyo kila kitone hujiwasha na kujizima chenyewe. Vile vya bandia huzima mno. Mbuzi hubaki shimo lenye macho mawili. Kioo kilichofaulu kilionyesha mbuzi mweusi kweli, lakini mwenye manyoya, kamba shingoni na sikio la pili nyuma ya lile la kwanza.

Asidhani mtu kwamba Kathini ni mnyenyekevu. Akikataa kioo alikiinua juu ili duka zima lione, akasema, "Huu si weusi, ni uji wa wimbi." Wateja walicheka na kupenda. Mimi ningesema maneno hayo hayo wangeniuliza kama nimekula.

Aftin ni mfanyabiashara wa mifugo kutoka Garissa anayenunua mbuzi soko la Tulia. Mawakala wake humtumia picha, naye huamua akiwa mbali. Mwaka mmoja alikuja akiwa amekasirika, karibu amfukuze wakala wake wa siku nyingi, Abdiqani, kwa sababu kila mbuzi mweusi aliyefika alikuwa na upele ambao haukuonekana kwenye picha. Alitaka tumsaidie kuthibitisha kwamba Abdiqani anazichezea picha. Kathini aliingia na simu yake chini ya leso, akatoka akitikisa kichwa.

"Kijana wako hana makosa," alimwambia. "Upele uko kwenye picha. Kioo chako ndicho kinaumeza."

Kioo kilibadilishwa, upele ukaonekana wazi kati ya manyoya, na Abdiqani akabaki kazini. Tangu siku hiyo Aftin hakutaka mtu mwingine aiguse simu yake. Kuna wakati alimkosa Kathini, ambaye alikuwa Wote kwa shughuli za tawi. Nilimwambia, "Lete nikuangalilie, ni kazi ile ile."

"Hapana, ndugu yangu," alinijibu kwa heshima kubwa. "Mimi nangoja mama."

Alingoja mpaka siku iliyofuata. Alilala gesti kwa ajili ya kungoja! Wivu wangu ulianzia mahali pengine, lakini hapo ndipo ulipopata nyama. Ongeza tuzo za mfanyakazi bora, ambazo kwetu ni saa ya ukutani: kila chumba nyumbani kwa Kathini kina saa, mpaka jikoni. Mimi natazama saa kwenye simu.

Sasa nieleze siku ambayo wengi wameisikia vibaya, kwa sababu imepita midomo mingi.

Ilikuwa mwaka juzi, msimu wa mvua. Mama mmoja aitwaye Kavindu alikuja kutoka upande wa Kalamba akiwa na simu aliyoifunga ndani ya kitambaa. Mumewe, Mulinge, alikuwa amefariki miezi michache kabla. Jioni moja akiwa bado na nguvu, watoto walimrekodi jikoni kwa mwanga wa taa ya mafuta, akiwasimulia jinsi alivyomposa mama yao. Hiyo ndiyo video pekee waliyokuwa nayo. Kisha simu ikaanguka, kioo kikapasuka, na fundi mmoja wa barabarani akakibadilisha. Tangu hapo sauti ya Mulinge ilisikika, taa ilionekana, lakini Mulinge mwenyewe hakuwepo. Palikuwa na giza tu mahali alipokuwa ameketi.

"Mwaitu," Kavindu alimwambia Kathini, akitumia neno letu la kumwita mama kwa heshima, "nimeambiwa wewe ndiye unaona. Nitafutie mzee wangu."

Kathini alijifunika leso. Alikaa humo muda mrefu kuliko kawaida. Alipotoka alimshika Kavindu mkono. "Pole sana. Kioo hiki ni kizuri, weusi wake ni safi. Video ndiyo imeharibika."

Kavindu hakulia. Alianza kuifunga simu tena ndani ya kitambaa, polepole, kama mtu anayefunga chakula alichokatazwa kula. Nadhani ni mikono ile iliyonifanya niseme, maana kwa desturi uamuzi wa Kathini haukuulizwa swali.

"Hebu nione," nilisema.

Nilichukua simu na kuitazama video bila leso, pale pale mezani. Mwanga wa taa ulikuwa umekatika ghafla mno. Mwanga wa kweli hufifia kidogo kidogo kuelekea gizani; huu ulikuwa umekatwa kama kwa makasi. Niliituma video kwenye simu yangu, ambayo ni ya kizamani na nyeusi yake ni ya kijivu, jambo ambalo Kathini alikuwa amenitania kwalo miaka mingi. Nikabonyeza.

Mzee Mulinge alikuwa ameketi nyuma ya taa, kofia kichwani, akicheka kabla ya kumaliza sentensi.

"Huyu hapa!" Kavindu alipiga kelele mpaka watu wa duka la pembeni wakaja. "Huyu hapa Mulinge! Muone, muone meno yake!"

Nitasema ukweli kuhusu nilichohisi. Nilimfurahia mama yule, ndiyo, lakini furaha kubwa zaidi ilikuwa kwamba duka zima lilikuwa linanitazama mimi. Yvonne, mwenzetu wa mapokezi, alipiga makofi. Nilijiona tayari nikitundika saa.

Kathini alinyoosha mkono, nami nikampa simu yangu. Aliileta karibu na uso, akaipeleka mbali, akaigeuza kuelekea dirishani.

"Kilonzo," akaniuliza kwa sauti ya chini, "uko wapi huo uso?"

"Si huyo hapo, nyuma ya taa."

"Wapi?"

Nilimwonyesha kwa kidole. Yvonne akamwonyesha. Kavindu akamwonyesha, akigusa kofia, akigusa mdomo. Watu wote waliokuwa dukani walimwona Mulinge isipokuwa Kathini. Makofi yalikoma. Aliiweka simu yangu mezani, akaketi kwenye stuli yake na kuiweka leso mapajani.

Kavindu aliiacha simu yangu mezani, akamwendea, akamkumbatia. "Nyamaza, mwaitu. Nyamaza. Macho hutibiwa." Mtu aliyefiwa alikuwa anambembeleza fundi. Mshindi wa siku ile nilikuwa mimi, na aliyekumbatiwa alikuwa yeye. Niliona uchungu wake, nikaona pia kwamba hakuna aliyekuwa ananitazama tena, na sijui hadi leo ni kipi kati ya hivyo viwili kilichonifanya nitoke nje kidogo.

Niliporudi, Kathini alikuwa amesimama. Hakungoja Bwana Nzomo aambiwe na mwingine. Alimpigia mwenyewe, mbele yetu. "Macho yangu yameisha. Vioo vyote nilivyopitisha tangu Krismasi vikaguliwe upya. Akague Kilonzo." Kisha akamgeukia Kavindu na kumwomba msamaha kwa kumwambia kwamba video imeharibika.

Nilivikagua. Nilitarajia nikute vibaya vingi, na nilivitafuta kwa bidii ambayo sikuwahi kuwa nayo. Nilikuta vichache tu. Hata akiwa nusu kipofu alikuwa amenishinda nikiwa mzima. Wateja waliopewa vile vichache waliitwa mmoja mmoja, wakabadilishiwa bure, na kila mmoja aliuliza, "Na mama anaendeleaje?" Kavindu nilimchagulia kioo mwenyewe, nikamjaribishia video mara nyingi mpaka aliporidhika.

Daktari alimkuta Kathini na mtoto wa jicho pande zote mbili. Alifanyiwa upasuaji, jicho moja kisha lingine, na kwa kipindi hicho mimi nilikalia stuli yake. Nilijaribu hata leso. Kazi niliifanya vizuri, vitabu vya malalamiko vinashuhudia, lakini Aftin alikuja, akaniona chini ya leso, akasema atapita tena.

Kathini alirudi asubuhi moja akitembea kama mtu aliyehamia mji mpya. Alituambia kwamba bluu ilikuwa imerudi duniani. Alisimama mbele yangu, akanitazama, akasema kwa mshangao wa kweli, "Aiya! Kilonzo, kumbe una mvi hivi!" Duka lilicheka wiki nzima.

Hata hivyo hakudai kiti chake. Alimwomba Bwana Nzomo aweke utaratibu kwamba kila kioo kitazamwe na watu wawili, kila mmoja peke yake, na wasipokubaliana aitwe wa tatu. Utaratibu huo sasa unatumika matawi yote, na malalamiko ya vioo yamepungua sana Wote na Kibwezi. Mwisho wa mwaka ule alipewa tuzo ya kuuanzisha. Saa nyingine. Nilipiga makofi pamoja na wengine, meno yakiwa nje, moyo ukiwa umefungwa kufuli.

Basi wiki iliyopita Aftin alifika na simu mpya, kwa kuwa amesikia Kathini anastaafu. Alikuwa na huzuni ya wazi. "Sasa mama ukienda, nani ataniangalilia?"

Nilijifanya napangusa vumbi kwenye meza. Nilijua Kathini atasema Yvonne, ambaye amemfundisha vizuri na ambaye kuanzia Septemba atakuwa mtu wa pili kwenye meza ya vioo.

Kathini aliichukua simu na kuiweka mbele yangu. "Mpe huyu," alisema. "Siku ile macho yangu yalikuwa yananidanganya, Kilonzo ndiye aliona, na aliniambia mbele ya watu. Mtu anayekuogopa hawezi kukuangalilia kioo."

 Aftin akavuta kiti na kukaa. "Haya, ndugu yangu. Angalia."

Niliangalia. Kioo kilikuwa kizuri, nikamwambia hivyo, naye akaamini bila kuuliza mara ya pili. Jioni hiyo nilijaribu kufikiria kama ningeweza kusema maneno kama yale ya Kathini, kwa sauti, mbele ya mteja wangu bora, kuhusu mtu aliyenishinda. Nilijua jibu. Saa zote zile za ukutani anaweza kuondoka nazo. Kitu nilichopaswa kumwonea wivu tangu mwanzo kilikuwa hiki.

Bi. Kathini, kwa niaba ya wafanyakazi wa Kitui, Wote na Kibwezi, asante kwa kila kioo ulichokataa ili mteja asidanganywe, na kwa vile vichache ulivyokubali ukakosea, ukasema umekosea. Kalamba ikupokee kwa mvua ya wakati wake na mbuzi wasio na upele, na macho yako mapya yakuonyeshe wajukuu wako mpaka wachoke kutazamwa. Sisi tutakuja kukutembelea, na Aftin amesema atakuja pia. Mwaitu, tafadhali, siku hiyo nisalimie mimi kwanza.

Kilonzo Munyao
Meza ya Vioo, tawi la Kitui